UCHAMBUZI: Mgeni aliyepitisha siku zake na hofu ya kurudi kwao

MARA kwa mara hutua katika meza za wahariri habari fupi kutoka mahakama za Malindi na Kilifi. Huwa na aya nne au tano tu. Raia wa kigeni ameshtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, amekiri kosa, ametozwa faini au atumikie kifungo, na baadaye arejeshwe kwao.

Mwandishi wa makala haya amezihariri habari za aina hiyo kwa miaka mingi, na si mara moja wala mbili ambapo yeye mwenyewe ndiye aliyezipa kichwa: Wahamiaji haramu wanaswa. Ni maneno matatu yanayoenea vizuri katika safu moja ya gazeti.

Lakini maneno hayo yana kasoro moja. Humwondolea msomaji hamu ya kuuliza swali lililofaa kuulizwa kabla ya hukumu kusomwa: je, mtu huyu aliulizwa na yeyote iwapo anaogopa kurudi alikotoka?

Swali hilo si la huruma tu. Ni la kisheria. Tofauti baina ya mtu aliyepitisha muda wa kibali chake kwa uzembe na yule aliyeupitisha kwa sababu kwao hakukaliki ni tofauti baina ya mshtakiwa na mkimbizi. Mtu aweza kuwa wa pili huku akihukumiwa kama wa kwanza, na aghalabu kinachomponza ni kimya chake mwenyewe.

Sheria mbili, mtu mmoja

Mgeni anayeingia Kenya kutembea hupewa siku za kukaa. Watalii kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi siku 90, na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita. Tangu Januari 2024 viza ya zamani ilipoondolewa na kuwekwa kibali cha kusafiria kinachoombwa kupitia mtandao, njia ya kuingia imebadilika, lakini kanuni ya kukaa ni ile ile: siku zikiisha, ama umeongezewa muda, ama umeondoka, ama umekosea.

Kosa lenyewe si dogo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, katika kifungu cha 53, inasema anayepatikana nchini kinyume cha sheria aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Juu ya hayo, waziri anayehusika ana mamlaka ya kuamuru mtu huyo aondolewe nchini.

Hiyo ni sheria ya kwanza. Ya pili ni ile ya wakimbizi, nayo huzungumza kwa sauti nyingine.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1966. Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinakataza nchi kumwadhibu mkimbizi kwa sababu ya kuingia au kuwepo kwake bila idhini, iwapo ametoka moja kwa moja mahali ambapo maisha au uhuru wake ulikuwa hatarini. Lakini kifungu hicho kina masharti: mhusika ajitokeze mbele ya wakuu bila kukawia, na aeleze sababu ya kutosha ya kuwa katika hali hiyo. Kifungu cha 33 kinapiga marufuku kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini.

Kwa miaka 40 baada ya kutia saini, Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe ya kutekeleza ahadi hiyo. Ilipopatikana hatimaye Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ilimtaka mtu aliyeingia nchini, kwa idhini au bila idhini, ajitokeze mara moja au ndani ya siku 30.

Aidha, sheria hiyo haikumsahau aliyeingia kihalali kama mgeni wa kawaida, kisha mambo yakaharibika kwao akiwa huku. Huyo alitakiwa kufika mbele ya afisa kabla ya siku zake za kukaa kihalali kumalizika. Sheria ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2006, imefuata mkondo huo huo wa kumtaka mtu ajitokeze mapema.

Yaani sheria haimuulizi mkimbizi kwa nini amekuja bila hodi. Inamuuliza kwa nini, baada ya kuingia, alinyamaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya wakimbizi nayo ina siku zake, ila jembe lake ni ulimi: sema unachokikimbia.

Mfano wa mgeni wa Goma

Tuchukue mfano wa kufikirika, ingawa yanayouzunguka ni ya kweli. Mfanyabiashara wa vitenge kutoka Goma, mashariki mwa Congo, anaingia Kenya Desemba 2024 kumtembelea nduguye aliye na kibanda cha nguo mjini Malindi. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hivyo anagongewa muhuri wa miezi sita. Hana nia ya kukaa. Ana mke, ana watoto, ana mzigo wa kurudi nao.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 wanauteka mji wa Goma. Katikati ya Februari, Bukavu nayo inaanguka. Mtaa alioishi mtu wetu umepitiwa na vita na jamaa zake wametawanyika. Katika muda wa wiki tatu, mgeni aliyekuja kutembea amekuwa mtu asiye na pa kurudi, bila yeye kusogea hata hatua moja kutoka Malindi.

Wanasheria wanamtambua mtu wa namna hii. Ukimbizi wake haukuanzia mpakani, umemkuta ugenini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1992, unampa nafasi nzuri zaidi kuliko ule wa 1951, kwa sababu hauwahusu wanaoteswa mmoja mmoja peke yao. Unawagusa pia wanaolazimika kuhama makwao kwa sababu ya uvamizi, au matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma.

Mwezi wa Machi 2025 mtu huyu angekuwa na hoja kamili. Pasipoti yake ina muhuri ulio hai. Vita alivyovikimbia vinatangazwa redioni kila jioni. Angefika kwa maafisa wa Idara ya Huduma za Wakimbizi, aandikishwe, apewe hati ya mwomba hifadhi, na kesi yake isikilizwe akiwa hana kosa lolote la uhamiaji.

Lakini anasubiri. Nduguye anamwambia vita vitaisha. Jirani anamwambia akijiandikisha atapelekwa kambini Kakuma au Dadaab, mbali na bahari na mbali na riziki. Mwingine anamwambia afadhali anyamaze tu, Malindi hakuna anayeuliza. Juni inafika, muhuri unakufa. Septemba askari wanafanya msako na kumkuta.

Kuanzia hapo kila kitu kimegeuka. Maneno ambayo mwezi wa Machi yangekuwa ombi, mwezi wa Septemba yanasikika kama kisingizio. Hofu yake haijapungua na Goma haijawa salama. Kilichopungua ni imani ya wanaomsikiliza.

Haki haifi, lakini hudhoofika

Hapa ni vyema jambo moja lieleweke, kwa sababu wengi hulikosea kwa pande zote mbili. Kupitisha muda wa kibali hakumnyimi mtu haki ya kuomba hifadhi. Mkataba wa 1951 hausemi kwamba aliyechelewa arudishwe akauawe. Katazo la kumrudisha mtu kwenye hatari halipimwi kwa tarehe ya muhuri.

Hata hivyo, haki hiyo hudhoofika kwa namna tatu.

Kwanza, anapoteza kinga dhidi ya mashtaka. Kinga hiyo imefungwa na sharti la kujitokeza bila kukawia. Aliyekawia ana jukumu la kueleza sababu, na katika korti yenye kesi nyingi asubuhi moja, asiye na wakili wala mkalimani mzuri huona ni rahisi kukiri tu ili mambo yaishe. Akikiri, amejiandikia rekodi.

Pili, ushahidi wake unatiliwa shaka. Afisa atauliza: kama kweli uliogopa, ulikuwa ukingoja nini miezi yote hiyo? Swali hilo lina majibu ya haki. Mtu aliyeteswa huogopa kila anayevaa sare. Anayekimbia aibu ya kubakwa hasemi mbele ya mgeni siku ya kwanza. Lakini majibu hayo yanahitaji mtu wa kuyasikiliza kwa utulivu, na utulivu haupatikani rumande.

Tatu, na hili ndilo husahaulika, siku zilizopita haziondoki. Mwenye ombi linaloshughulikiwa yuko chini ya ulinzi wa sheria. Lakini ombi likikataliwa, na rufaa ikashindwa, mtu anarudi alipokuwa: mgeni ambaye kibali chake kiliisha kitambo. Aliyejitokeza mapema ana nafasi ya kujipanga kuondoka kwa heshima. Aliyechelewa anaweza kusindikizwa hadi mpakani na jina lake likabaki katika orodha ya wasiotakiwa kurudi.

Kwa nini wananyamaza?

Itakuwa dhuluma kumlaumu mgeni peke yake. Kimya hiki kina wazazi wengi, na baadhi yao ni wenyeji.

Umbali ni mmoja wao. Malindi na Kilifi hazimo katika ramani ya kawaida ya wakimbizi nchini. Macho ya taifa yako Dadaab na Kakuma, na kwa kiasi fulani Nairobi. Aliye Malindi hana budi kufikiria safari ya Mombasa, kilomita 120 hivi. Kwa mtu ambaye muhuri wake umekufa, kilomita hizo zina vizuizi vya polisi. Anayetaka kwenda kujisalimisha kwa sheria anaweza kukamatwa njiani kabla hajafika.

Mzazi wa pili ni hofu ya kambi. Mwezi wa Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wa mijini wahamishiwe kambini. Shirika la Kituo cha Sheria na wenzake walikwenda kortini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Bunge nalo lilijaribu mwaka huo wa 2014 kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, na Februari 2015 mahakama ikakikataa kifungu hicho.

Mahakama zimesimama imara, na ni sifa kwa taifa. Lakini mgeni wa Malindi hasomi hukumu za Mahakama Kuu. Anachokikumbuka ni picha za watu waliofungiwa uwanjani.

Mzazi wa tatu ni kukawia kwa serikali yenyewe. Sheria imeweka siku 90 za kuamua ombi la hifadhi, lakini wapo waombaji waliosubiri kwa miaka. Mtu akiona jirani yake aliyejiandikisha hana jibu wala kazi, atapata wapi ari ya kufuata njia hiyo? Serikali haiwezi kumtaka mgeni aheshimu siku 30 huku yenyewe ikizipuuza zake 90.

Pwani iliyozoea kupokea

Ajabu ni kwamba hapa ni Pwani, mahali ambapo kuja kwa mgeni na kubaki kwake ni jambo la kale kuliko mipaka. Siyu, Pate, Barawa, Pemba na Malindi ni majina ya miji na visiwa, lakini pia ni majina ya koo zilizohamahama baina yao.

Miaka ya mwanzo ya 1990, serikali ya Somalia ilipoanguka, watu walifika Malindi na Mombasa kwa majahazi yaliyosheheni. Kambi zikafunguliwa Pwani, ikiwemo ile ya Marafa, bara ya Malindi. Muongo huo haukuisha kabla ya kambi za Pwani kufungwa, na waliokuwemo wakatakiwa kurudi kwao au kuhamia Kakuma na Dadaab. Wengi walichagua njia ya tatu: kubaki mjini bila karatasi.

Mwaka wa 2001 bahari ilileta wengine. Baada ya umwagaji damu wa Januari 26 na 27 kisiwani Pemba na Unguja, zaidi ya watu 2,000 walivuka hadi Shimoni, Kwale. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, nchi iliyokuwa imewahifadhi mamia ya maelfu ya wakimbizi wa majirani, kutoa wakimbizi wake yenyewe. Hao wa Shimoni walionekana, wakahesabiwa, na wengi walirejea makwao baadaye.

Lakini wapo Wapemba wengine ambao hawakuhesabiwa kamwe, na hadithi yao ndiyo fundisho kubwa zaidi la makala haya.

Kuanzia miaka ya 1930, wavuvi wa Pemba walikuwa wakija kupiga dago katika fuo za Kwale, Kilifi, Watamu na Malindi. Hakuna aliyewauliza pasipoti, kwani ukanda wa Pwani wakati huo ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, kama kwao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wengine waliwafuata wakikimbia yaliyokuwa yakitendeka. Kufikia hapo Kenya ilikuwa nchi huru na mpaka ulikuwa umechorwa majini.

Waliobaki hawakuomba hifadhi, kwa sababu hakukuwa na ofisi ya kuiomba. Wengi hawakujiandikisha kuwa raia katika muda mfupi uliotolewa baada ya uhuru. Walikuwa na samaki wa kuvua na watoto wa kulea, na majirani waliwaita ndugu. Hawakudhani kwamba kimya chao kingekuwa na gharama.

Gharama ilikuja na kurithiwa. Bila kitambulisho cha kitaifa, mjukuu wa mvuvi hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake. Hakuweza kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki, kununua shamba wala kupiga kura. Askari wa doria waliweza kumshtaki mtu aliyezaliwa Kilifi kwa kosa la kuwa Kilifi.

Sheria ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na utaifa waliokuwa nchini tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Iliwapa miaka mitano ya kuomba, ikaongezwa mitatu. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Washona wakafuata Desemba 2020. Wapemba walingoja hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipofika Kilifi na kuwatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii za Kenya. Makadirio yaliyotajwa wakati huo yalikuwa takriban watu 7,000.

Kutoka Mapinduzi ya 1964 hadi sherehe ya Kilifi ni miaka 59. Hivyo ndivyo inavyoweza kurefuka safari ya mtu ambaye hakuandikishwa siku ile alipofika.

Nasi tuna wana ugenini

Msomaji wa Pwani anayedhani haya ni ya Wacongo na Wasomali pekee, na atazame nyumbani kwake. Ni nani Malindi asiyemjua kijana aliyealikwa Italia au Ujerumani kwa miezi mitatu akapotelea huko? Ni nani asiye na jamaa aliyepanda ndege ya Marekani au Canada kwa viza ya kutembea, akiwa ameambiwa na dalali kwamba "ukifika utaomba hifadhi"?

Nchi hizo nazo zina saa zao, na ni kali kuliko ya kwetu.

Marekani inamtaka mtu aombe hifadhi ndani ya mwaka mmoja tangu aingie, isipokuwa awe na sababu nzito ya kuchelewa au hali imebadilika kwao. Tangu marekebisho ya sheria ya 1996, aliyekaa bila idhini zaidi ya siku 180 akaondoka aweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, kwa miaka kumi. Ombi la kweli la hifadhi linapokuwa mezani, siku hizo hazihesabiwi, ila kama mwombaji amefanya kazi bila kibali. Wengi wetu huanza na kazi kabla ya ombi, wakajifungia mlango kwa mikono yao.

Uingereza ina sheria ya 2004 inayomwagiza mwamuzi kuzingatia, kama doa katika ukweli wa mwombaji, kwamba hakuomba hifadhi hadi alipokamatwa. Nchi za Schengen zinamruhusu mgeni siku 90 katika kila siku 180. Aliyepitisha na kuamriwa kuondoka aweza kupigwa marufuku ya kurudi kwa hadi miaka mitano. Tangu Oktoba 2025 zimeanza kutumia mtambo unaosajili alama za vidole na uso wa kila mgeni, na kuhesabu siku zake bila kumtegemea askari mwenye muhuri. Canada nayo, iliyopokea maombi mengi ya Wakenya walioingia kama wageni, ilipeleka bungeni Juni 2025 mswada wa kuwawekea mpaka wa mwaka mmoja.

Tofauti moja isisahaulike. Hifadhi ni ya anayeogopa mateso au vita. Umaskini, hata uwe mchungu kiasi gani, si msingi wa hifadhi katika sheria hizo. Dalali anayemuuzia kijana wa Watamu hadithi ya kubuni anamuuzia miaka kumi ya kufungiwa nje. Tena anamchafulia njia mtu mwingine aliye na hofu ya kweli.

Upande wa serikali

Serikali nayo ina hoja zake, na si za kupuuzwa. Kenya imehifadhi zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000, mzigo ambao mataifa mengi tajiri yasingekubali kuubeba. Imepigwa na magaidi Westgate mwaka wa 2013 na Garissa 2015. Maafisa wanajua pia kwamba wapo wanaolikumbuka neno hifadhi siku ya kukamatwa tu.

Malindi yenyewe ina kisa chake. Mji huu uliopendwa na Waitaliano kwa zaidi ya nusu karne umewahi pia kuwaficha wageni waliotafutwa na mahakama za kwao kwa uhalifu. Hao si wakimbizi. Mkataba wa 1951 unawatoa nje waliotenda makosa mazito ya jinai yasiyo ya kisiasa kabla ya kufika.

Lakini hoja hizi zikichunguzwa vizuri, zote zinaelekea upande mmoja. Serikali inayotaka usalama inapaswa kutaka kumjua kila mgeni aliyeko. Mtu aliyejitokeza ana jina, picha na alama za vidole katika faili. Aliyejificha hana. Kila kinachomtisha mgeni asijitokeze, kiwe kizuizi cha barabarani au foleni isiyoisha, kinaifanya nchi ipungukiwe na habari, wala hakiifanyi iwe salama zaidi.

Yanayowezekana

Si lazima bunge litunge sheria mpya. Iliyopo inatosha ikitekelezwa karibu na watu. Afisa wa wakimbizi afike Malindi na Kilifi kwa siku zinazojulikana kila mwezi, naye chifu ajue pa kumwelekeza mgeni anayesema anaogopa kurudi.

Katika korti, hakimu na kiongozi wa mashtaka wakubaliane juu ya swali moja kabla ya mshtakiwa wa uhamiaji kujibu: unaogopa kurudi kwenu, na kwa nini? Katiba yenyewe inamtaka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na inampa mshtakiwa haki ya mkalimani asipoelewa lugha. Swali hilo halichukui dakika tano. Aliye mwongo atachunguzwa na kukataliwa kwa utaratibu, na aliye mkweli hatarudishwa kwenye risasi kwa kosa la tarehe.

Wenyeji nao wana wajibu. Anayemwambia mgeni wake anyamaze kwa kuwa Malindi hakuna anayeuliza, anampa ushauri wa mapenzi wenye matokeo ya adui. Afadhali ampeleke kwa wanasheria wa msaada walioko Mombasa angali na siku mkononi. Na kama siku zimekwisha, ampeleke vivyo hivyo, kwani aliyejitokeza mwenyewe baada ya kuchelewa bado ana nafuu kuliko aliyetolewa mafichoni na askari.

Sisi wa magazeti nasi tujirekebishe. Habari ya mtu aliyekamatwa bila kibali haijakamilika mpaka iseme ametoka wapi na kule alikotoka kuna nini. Hilo laweza kuongeza sentensi mbili katika habari ya aya tano, na pengine kichwa kisienee tena katika safu moja.

Waliofika katika fuo hizi miaka 60 iliyopita wakikimbia walipata samaki, majirani na makaburi ya wazee wao kabla ya kupata kitambulisho. Mgeni wa leo, aliyekaa katika kibanda cha nduguye akihesabu siku zilizopita tangu muhuri ufe, hajui kwamba yuko katika mwaka wa kwanza wa hesabu kama hiyo. Anayejua anapaswa kumwambia.